Kabla ya bei, uliza jina

Jumapili moja nilikuwa soko la Kibuye hapa Kisumu, ule upande wanauza vyombo vya mitumba na redio za zamani, nikaona boksi la biskuti la bati limejaa picha. Muuzaji alikuwa mama wa makamo na kitu alikuwa anauza ni boksi, sio picha, picha zilikuwa ndani tu juu hakuwa amepata mahali pa kuzimwaga. Nikamuuliza, "Mama, hizi picha ni za nani?" Akaniambia, "Sijui mwanangu, nilinunua vitu vya nyumba fulani watu wakihama, hili likakuja pamoja na sufuria. Ukitaka chukua zote." Nikampa mia mbili, nikabeba boksi na picha arobaini na moja.

Iko moja hapo ndani mpaka leo sijaiacha. Ni nyeusi na nyeupe, ndogo inaenea kwa kiganja, kingo zake zimekatwa kama meno meno. Mwanaume ameketi kwa kiti cha mbao, koti limefungwa vifungo vyote, mikono imewekwa kwa magoti kama mtu ameambiwa asitingishike. Mwanamke amesimama nyuma yake na mkono mmoja begani. Mbele kuna msichana wa kama miaka saba hivi ameshika maua ya plastiki, na viatu vyake ukiviangalia vizuri unaona ni vikubwa kumshinda, nafasi ya kidole kizima imebaki nyuma ya kisigino. Nyuma yao kuna pazia limechorwa ngazi na nguzo za jumba, na chini pazia limekunjika kidogo ukaona sakafu ya simenti. Nikaigeuza. Nyuma kuna mhuri wa studio umefifia, neno unaweza soma ni Kisumu peke yake, halafu kwa penseli mtu ameandika "Ukumbusho 1966". Basi. Hakuna jina hata moja.

Tangu nianze kukusanya picha na kadi za zamani ni miaka kama tisa sasa, na kitu nimekuja kuamini ni hiki, sisi tunaokusanya huku magharibi mwa Kenya tumejifunza kuuliza bei kabla ya kujifunza kuuliza jina, na hiyo tabia hatukuianzisha sisi, tuliikuta. Lakini tukiendelea nayo tutakuwa tumemaliza kazi yenye wengine walianza.

Acha nieleze venye soko lenyewe liko ndio ueleweke ubaya wake uko wapi.

Ukiangalia minada ya intaneti ya postikadi za Afrika Mashariki, utaona nyingi zinauzwa na watu wako Uingereza, Ujerumani, Ufaransa. Watu huuliza kwani zilifikaje huko, ziliibiwa? Hapana, nyingi zilienda kwa njia halali kabisa, zilitumwa kwa posta, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Reli ilifika hapa ziwani Desemba 1901, wakati huo Kisumu ikiitwa Port Florence, na hiyo miaka ndiyo dunia nzima ilikuwa imeshikwa na homa ya postikadi. Mpiga picha anapiga picha ya gati au ya soko, nakala inapanda meli kwenda Ulaya kuchapwa, na postikadi nyingi sana za dunia kabla ya vita vya 1914 zilichapwa Ujerumani manake wao ndio walikuwa wameshika hiyo teknolojia ya uchapaji. Zinarudi Mombasa kwa mabando, zinapandishwa reli, afisa mmoja ananunua moja hapa, anaandika nyuma kwamba joto ni kali na barua ya mama imefika, anaweka stempu, inarudi tena Ulaya. Kwa hivyo picha moja ya watu wa hapa imevuka bahari mara tatu, na watu walio kwa picha wengi wao hawakuiona hata siku moja.

Sasa kichwa cha kadi kinasema nini? Kinasema "Kavirondo". Kavirondo ndio jina Wazungu walikuwa wanatumia kwa watu wa pande hizi zote, Mluo ni Kavirondo, Mluhya ni Kavirondo, hata hii ghuba yetu ya Winam kwa ramani zao ilikuwa ghuba ya Kavirondo. Kwa hivyo unapata kadi ya mwanamke amesimama na mtungi, chini imeandikwa mwanamke wa Kavirondo, na nyuma kuna jina la mtumaji, jina la mpokeaji, jina la posta, wakati mwingine jina la kampuni iliyochapa. Kila mtu aliyegusa hiyo kadi ana jina, isipokuwa huyo mama amesimama mbele.

Na soko la leo limekopi hiyo hiyo. Kadi ya meli ya ziwani au ya stesheni ya reli inapanda bei kuliko kadi ya mtu, juu kuna wakusanyaji wa reli na wakusanyaji wa meli na hao wako wengi na wana pesa. Halafu wale wa stempu ndio hupandisha kabisa, mtu analipa pesa nyingi kwa kadi yenye sura imechafuka juu tu mhuri wa posta ni wa posta ndogo yenye haikudumu. Sisemi wamekosea, mimi mwenyewe nawashukuru watu wa stempu manake wao ndio walihifadhi hizo karatasi. Nasema tu tuelewe kwamba bei inapima shauku ya mnunuzi. Haipimi hiyo picha inabeba nini kwa watu wa Seme ama Butere. Kijana wa Nakuru akianza kukusanya leo akifuata bei, atajikuta ananunua zile kadi za rangi za flamingo wa Ziwa Nakuru, za miaka ya sitini na sabini, zilizochapwa nyingi sana kwa watalii, na hiyo ni sawa, ni nzuri, nami ninazo. Lakini kando ya hiyo meza kuna albamu ya familia inauzwa kwa bei ya kilo na hataiangalia.

Kuna mfano mmoja ambao naurudia kila mara nikiongea haya mambo. Mwaka 1936 mtaalamu wa anthropolojia anaitwa Evans-Pritchard alikuja Nyanza akakaa wiki chache kati ya Waluo, akapiga picha. Picha zikaenda Oxford, ziko kwa jumba la makumbusho la Pitt Rivers mpaka leo. Miaka sabini baadaye, mwaka 2007, nakala zikaletwa Nyanza zikatundikwa kwa maonyesho huku huku watu wanaishi. Fikiria hiyo siku. Picha yenye kule ilikuwa mfano wa mavazi ama mfano wa boma, huku inaangaliwa na watu ambao wanaweza kusema huyu ni wa kwetu. Karatasi ni ile ile, lakini pahali pamoja ni mfano na pahali pengine ni baba ya mtu. Mimi kwangu hiyo ndiyo tofauti yote, na haihitaji maabara wala pesa nyingi, inahitaji mtu wa kuuliza na mzee bado ako hai wa kujibu.

Hapo kwa mzee ndio saa inakimbia. Mtu aliyepigwa picha na miaka ishirini mwaka 1966 leo ni wa miaka themanini hivi. Wenye studio wenyewe wengi wameshaenda. Kisumu ilikuwa na studio nyingi za Wahindi, na baada ya 1968 familia nyingi za Kihindi zikahamia Uingereza, studio zikauzwa ama zikafungwa, na masanduku ya negativi, zile filamu za kutolea picha, yakabaki kwa stoo. Nimeambiwa na zaidi ya mzee mmoja kwamba negativi zilitumika kuwasha jiko, zinashika moto haraka. Kila moja ya hizo ilikuwa na namba, na hiyo namba ilikuwa kwa daftari, na kwa daftari ndio kulikuwa na jina na tarehe na pesa ililipwa. Ukichoma negativi umepoteza picha. Ukipoteza daftari umepoteza watu.

Wacha niseme kidogo venye unaweza kusoma picha yenyewe, juu wengi wanadhani bila maandishi hakuna kitu unaweza jua, na si kweli.

Kwanza jua unashika nini. Zile za kale kabisa za Ulaya, za bamba la shaba lililopakwa fedha za Daguerre, zilitangazwa Paris 1839, hizo huku huwezi zipata kwa soko. Halafu 1854 Mfaransa mwingine, Disdéri, akasajili ile picha ndogo ya kubandika kwa kadi saizi ya kadi ya kujitambulisha, ikawa rahisi watu wengi wakaimudu, na miaka ya 1860 ikaja kubwa yake. Karatasi ya hizo ilipakwa ute wa yai, ndio unaona zina ule umanjano. Za namna hiyo pwani zipo, Zanzibar kulikuwa na studio kama ya Gomes karne hiyo ya kumi na tisa, lakini huku bara historia yetu ya picha inaanza sana sana na reli na misheni.

Kwa hivyo huku kwetu utakutana na vitu vitatu, postikadi iliyochapwa, postikadi ambayo ni picha halisi, na picha ya studio. Kutofautisha mbili za kwanza chukua kioo cha kukuza, ama simu yenye kamera nzuri, angalia uso wa mtu kwa karibu. Ukiona vidoto vidoto vimepangwa ama chembe chembe zimekunjamana, hiyo ni ya mashine ya kuchapa. Ukiona kivuli kinatoka cheupe mpaka cheusi bila kukatika hiyo ni picha halisi, na hizo ndizo huwa chache juu mpiga picha alitengeneza nakala kidogo tu kwa mkono wake.

Halafu geuza. Postikadi ambayo nyuma haina mstari wa katikati, upande wote ni wa anwani, ni ya mapema, manake Uingereza iliruhusu ujumbe na anwani kukaa upande mmoja mwaka 1902, Ujerumani 1905, Marekani 1907. Angalia stempu pia. Ikiwa imeandikwa East Africa and Uganda Protectorates ni kuanzia 1903, na bei ikiwa kwa zile pesa za Kihindi zinaitwa ana ni kabla ya 1907, ikiwa senti ni baada. Kenya and Uganda ilianza 1922. Zikiwa nchi tatu, na Tanganyika ndani, ni 1935 kuenda mbele. Ikiwa Kenya peke yake ni uhuru umeshapatikana, Desemba 1963. Mimi nilikuwa na kadi moja muuzaji ameandika ni ya 1905, stempu bado iko, nyekundu ya senti 6, nikajua papo hapo hiyo tarehe haiwezi kuwa.

Kwa picha za studio kuna kitu kimoja kimenisaidia sana na kila mtu anaweza kukipata, ile tochi ya bluu ya kukagua noti feki, yenye utaona kwa duka la jumla ama kwa wakala wa M-Pesa. Zima taa, mulika karatasi. Karatasi ikiwaka weupe wa kibluu ina zile dawa za kung'arisha ambazo viwanda vilianza kutia kwa karatasi za picha miaka ya 1950. Kwa hivyo mtu akikuuzia picha ya "1920" na inawaka kama shati jipya jua ni nakala. Na ukiishika uhisi ni kama plastiki, hiyo ni ya kuanzia miaka ya 1970 hivi. Picha yangu ya Kibuye inawaka kidogo na si ya plastiki, kwa hivyo 1966 yake inakubaliana na karatasi.

Lakini haya yote, stempu na tochi na mstari wa nyuma, yanakupa mwaka. Hayakupi mtu. Na hapo ndio naona wakusanyaji wengi wanasimama wakidhani wamefika.

Mimi nimepoteza picha yangu mwenyewe kwa njia ambayo nadhani nusu ya familia za huku zimepoteza. Babu alikuwa mfanyakazi wa reli, East African Railways and Harbours, na picha yake ilikuwa moja tu, amesimama na yunifomu karibu na behewa, kofia iko na beji. Ilikuwa kwa ukuta wa nyumba ya dani, yaani nyanya, miaka yote. Dani alipofariki tukataka picha zao wote wawili ziwe kwa programu ya mazishi, nikatumwa mimi. Nikaitoa kwa fremu, nikaipeleka saiba, kijana akaskani haraka, akakata uso akaweka kwa programu, nikalipa nikakimbia manake mwili ulikuwa unatoka mochari kesho yake. Picha ikabaki pale kwa kioo cha skana. Nilirudi baada ya matanga kuisha, siku tisa zimepita, wakaniambia hawajaona. Nilitafuta kwa karatasi za kutupwa mpaka nje, haikuwa. Na faili ya kompyuta nayo ilikuwa imefutwa.

Kitu kimebaki ni uso wa babu saizi ya stempu kwa programu iliyokunjwa mara mbili. Kofia imekatwa. Beji ilikuwa inaonyesha alikuwa kitengo gani na hakuna mtu nyumbani anakumbuka, wengine wanasema alikuwa wa ishara, wengine wanasema alikuwa wa injini. Jina lake tunalo, la baba yake tunalo, tarehe ya kuzaliwa tunayo. Picha ndio hatuna. Na kwa boksi la Kibuye nina picha nzuri ya watu watatu na jina ndio sina. Naamini kabisa kuna familia mahali imekaa na jina la yule msichana wa viatu vikubwa na haina picha.

Hiyo ndiyo ilinifanya nianze kukusanya programu za mazishi pia. Watu walinishangaa mwanzoni, na naelewa, karatasi ya matanga si kitu mtu anaweka kwa sanduku la makusanyo. Lakini zichukue usome. Programu ya mazishi ya huku ina picha ya mtu, jina lake lote, wazazi, ndugu kwa mpangilio, wake, watoto, wajukuu, shule alisoma, kazi alifanya, kanisa, mahali alizaliwa mpaka kijiji. Hakuna postikadi ya dunia hii inakaribia hapo. Ni picha na jina na ukoo kwa karatasi moja, imechapwa nakala mia mbili, na baada ya wiki moja imefungia mandazi. Ukiuliza mimi, miaka hamsini ijayo mtu anatafuta historia ya watu wa Nyanza na Western hataanza na kadi za Kavirondo, ataanza na hizo programu, kama zitakuwepo.

Na kuna kadi zingine za kwetu hakuna mtu anaziona kama kadi za zamani ilhali ni za zamani. Kadi za harambee, zenye orodha ya waliotoa na kiasi, senti kwa senti. Kadi za harusi. Na saksesi kadi. Kama ulisoma hapa Kenya unazijua, zile za kutumiwa kabla ya mtihani, ua ama jogoo ama kalamu mbele, ndani maneno ya kukutakia heri na chini sahihi za shangazi, mjomba, kaka, mtoto wa jirani. Nina moja imetumwa kwa mtahiniwa wa CPE, ule mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, kwa hivyo bila tarehe yoyote najua ni kabla ya 1985, mwaka KCPE ilianza mahali pake, na sasa hata KCPE yenyewe ilifanywa mara ya mwisho 2023 kwa hivyo kadi za KCPE nazo zimefunga mlango, hakuna mpya inakuja tena. Ndani ya hiyo yangu kuna majina kumi na mbili. Kumi na mbili! Niliinunua shilingi kumi Nakuru ndani ya kitabu cha hesabu. Soko la nje haliitaki, haina reli, haina meli, haina mnyama. Mimi singeibadilisha.

Kuna wenzangu hunipinga na wana hoja. Mmoja wa Nakuru, mkusanyaji mzuri sana kunishinda kwa upande wa postikadi, huniambia majina ni kazi ya familia na ya makumbusho, sisi tunahifadhi karatasi tu, tukianza kuuliza majina hatutanunua kitu. Namuelewa. Kuuliza kunachukua siku nzima, na mara nyingine ukiuliza mwenye picha anashtuka anaamua hauzi tena. Lakini kwangu hiyo ndiyo sababu ya kuuliza. Kama mtu akikumbuka huyo kwa picha ni nani hawezi tena kuuza, basi hiyo picha haikuwa ya kuuzwa bado. Siku hizi nikienda boma na nikipata picha nzuri sinunui, natoa simu ama skana ndogo, napiga hapo hapo kwa meza mbele yao, naandika majina wakiniambia, naacha picha yao kwa ukuta wao. Na matangani sinunui kabisa. Mtu aliyefiwa anaweza kukupa kitu leo akakitafuta kwa miaka kumi.

Hoja ingine ni ya siri za watu, na hii naichukua kwa uzito. Si kila jina linafaa kuwekwa hadharani. Kuna picha nimepewa na mama mmoja wa Luanda, kule Vihiga, akanieleza yote, nani alioa nani na nani alikataliwa, halafu akasema hii iandike lakini usiweke kwa intaneti nikiwa hai. Basi iko kwa daftari, haiko kwa intaneti. Kujua jina ni kitu kimoja na kulitangaza ni kingine.

Kwa nini basi tusiachie makumbusho? Kisumu tunayo moja na inafanya kazi yake, na Nyaraka za Kitaifa ziko Nairobi, ukiingia utaona mkusanyo wa Joseph Murumbi, yule aliyekuwa makamu wa rais 1966. Huyo mzee alikuwa mkusanyaji wa kweli, vitabu, sanaa, stempu, na vitu vyake vikabaki hapa nchini mahali mtu yeyote anaweza kuingia akaona. Lakini makumbusho hayawezi kukaa na kila dani wa Ugenya na kila kukhu, yaani nyanya kwa Kiluhya, wa Bunyore akitaja nani amesimama kushoto. Hiyo ni kazi ya mtu wa karibu mwenye subira.

Kuhusu kutunza nitasema haraka. Kisumu ina unyevu, picha ikigusa kioo cha fremu itashika na ukiivuta uso unabaki kwa kioo, kwa hivyo weka kipande cha karatasi ngumu kando kando kisiguse. Zile albamu za gundi na plastiki juu zenye zilijaa miaka ya themanini zitoe picha zako ndani, gundi yake inakula, na kama imeshika tumia uzi wa meno upitishe chini polepole. Picha za rangi za wakati huo zinageuka nyekundu zenyewe hata ukizificha, skani mapema. Usiandike nyuma na biro, inapita mpaka mbele. Penseli laini, na usikandamize.

Penseli ndio hiyo ilitumika kwa picha yangu ya 1966 na ndio maana maandishi bado yapo.

Mwezi jana niliipeleka Kondele kwa mzee mmoja mpiga picha aliyestaafu. Akaisogeza karibu na mlango apate mwanga, akakaa nayo muda mrefu hajasema kitu. Watu hakuwajua. Pazia alilijua. Akaniambia lile la ngazi na nguzo lilikuwa la studio fulani pale mjini, na maua ya plastiki ni ya studio pia, kila mtoto alishikishwa hayo hayo ndio asiweke mikono mdomoni. Na viatu? Nikamuonyesha viatu. "Hivyo pia ni vya studio," akasema. "Wengi walikuja bila. Tulikuwa na jozi tatu, tunachagua inayokaribia." Halafu akaniambia kuna mama alikuwa anakaa mbele pale studio anaandika risiti, ndiye alikuwa anashika daftari, alirudi kwao Sondu kitambo lakini bado yuko na akili yake ni timamu.

Nimetengeneza nakala ya hiyo picha saizi ya A4 ndio macho ya huyo mama yasisumbuke. Jumamosi napanda matatu asubuhi, nabeba hiyo nakala, ile ya kwanza kwa bahasha, daftari, na penseli mbili.